Kochi la Wifi na Sebule Yako, Mama

Mpendwa mama mkwe,

Shikamoo huko uliko. Najua hutaitikia leo, lakini hata ulipokuwa hai, ukishika sindano yako ya kufumia ulikuwa huitikii mpaka umalize mstari. Nimezoea kungoja.

Nakuandikia nikiwa sebuleni kwako, nimekaa mkekani, mgongo umeegemea ukuta chini ya saa. Nasema kwako kwa makusudi. Mwanao anasema sasa ni kwangu, wifi yangu Zuhura anasema ni kwetu sote, na majirani hawasemi kitu, wanapita polepole wakitazama dirishani. Nimeona nikuandikie mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine: kochi lilikuja, Mama. Lile ulilolikataa miaka yote. Au tuseme mjomba wake, maana hili lilikuwa kubwa zaidi.

Lakini kabla sijafika kwenye kochi, niache nikusifu kidogo. Ulipokuwa hai nilishindwa. Mkamwana akimsifu mama mkwe mbele ya watu, watu husema ana lake jambo. Akimsifu wakiwa wawili tu, mama mkwe mwenyewe ndiye husema hivyo. Basi nikanyamaza, nikawa natazama.

Siku ya kwanza nilipoletwa hapa Bagamoyo, nimefunikwa shela mpaka kidevuni, kitu pekee nilichoweza kukiona kilikuwa sakafu. Kwetu Miono sebule ni mahali mahindi hukaa na wageni husimama, kwa hiyo sikuwa na makuu. Hata hivyo nilishtuka. Sakafu nyekundu, imesuguliwa ikang'aa, mkeka mmoja, basi. Nikajisemea moyoni, haya, mtoto wa watu, umeolewa na wasio na kitu. Waliponifunua uso nikaona kuta. Mama, kuta zako zilikuwa zimevaa kuliko mimi bibi harusi.

Sahani za maua zimening'inizwa kwa waya, kubwa juu, ndogo chini. Picha ya Al-Kaaba ndani ya fremu ya dhahabu inayobanduka pembeni. Sinia la bati lenye tausi. Rafu nyembamba kama kiganja, na juu yake vikombe ambavyo hakuna aliyewahi kuvinywea. Vitambaa ulivyofuma mwenyewe vikining'inia kila penye ukingo. Maua ya plastiki uliyoyaosha kila Alhamisi ili Ijumaa yawe yameamka. Na chokaa yenyewe, ambayo uliitia bluu ya kufulia kidogo tu, ukuta ukawa na rangi ya shati jeupe la mtu anayependwa nyumbani kwake. Chini palikuwa na viti vinne vyepesi, stuli moja, na huo mkeka. Chumba kidogo kiasi kwamba mtu akipiga chafya mlangoni, aliye dirishani anasema alhamdulillahi kwa niaba yake. Lakini ukikaa, unajiona umekaa mahali papana. Ilinichukua muda mrefu kujua ulifanyaje.

Kioo, kwa mfano. Ulikitundika mahali ambapo aliye ndani humwona anayevua viatu barazani kabla hajapiga hodi. Uliniambia ni cha kuongeza mwanga. Mwanga kiliongeza, sikatai. Lakini ni mara ngapi jirani yetu Bi Tatu alisema "Hodi wenyewe!" wakati sahani ya vitumbua imeshafika chumbani, na wewe ukaitikia "Karibu, mwenzangu, leo hata chai hatujapika," kwa sauti ya mtu aliyetoka kusali?

Na zile kalenda za mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Wengine mwaka ukiisha hufungia samaki. Wewe ulichukua mkasi, ukakata tarehe, ukabakiza maua, ukatia fremu. Nilikuuliza kama si vibaya kutundika mwaka uliokwisha. Ukasema, "Mwaka ndio umekwisha. Maua yana kosa gani?"

Siku niliyokufahamu hasa ni ile tuliyokwenda wote kwa fundi seremala, ulipotaka kiti cha tano. Fundi kijana, mchangamfu, ana penseli sikioni, akatuonyesha seti zake zote. "Bi mkubwa, hii ndiyo ya kisasa. Ukiweka hii, wageni hawaondoki."

"Ndiyo maana siitaki," ulisema.

Kisha ukatoa kwenye mkoba ile doti yako ya kanga, pande mbili ambazo hazijakatwa wala kukungwa pindo, zilizopauka mpaka maandishi yake hayasomeki. Kila mwanamke wa pwani akinunua doti, cha kwanza ni kukata na kukunga. Yako ilikuwa nzima, na ndani yake kulikuwa na fundo moja tu. Ukaitandaza sakafuni kwa fundi, toka ncha hadi fundo, ukaizungusha mbele ya benchi moja kama mtu anayepitisha kitu konani.

"Mama, unapima nini?" fundi akauliza.

"Napima njia."

"Njia ya nani?"

"Yangu."

Akacheka. "Utapita tu, Mama, mwembamba hivyo!"

"Leo napita kwa miguu yangu, mwanangu. Nauliza siku nitakayobebwa. Jeneza la msikiti ni moja, halipunguzwi. Benchi linapunguzwa."

Nakumbuka fundi alitoa penseli sikioni, akaiweka mezani taratibu, kama mtu anayeweka silaha chini. Mimi nilitazama pumba za mbao. Nilitamani nifukiwe humo.

Tulipokuwa tunarudi, ukisimama kununua nazi na kuitikisa sikioni, ulinieleza kana kwamba unazungumzia bei yake. Kwamba zamani sebule yako nayo ilikuwa na kabati. Posa ya Zuhura ilipokuja kutoka Dar, uliona haya ya kuta tupu, ukamwagiza fundi kabati la vyombo lenye vioo, refu mpaka darini. Mlangoni halikupita, likaungwa humo humo ndani. Wageni wa posa walilisifu, posa ikapita, Zuhura akaolewa. Kisha baba mkwe akaumwa, akafariki. Jeneza likaingia tupu, halikusumbua. Lilipokuwa na mwenyewe ndani, kutoka mlango wa chumbani kuelekea mlango wa nje halikugeuka. Kabati lilikuwa limesimama hapo kwenye kona. "Inua! Kichwa huku! Polepole jamani!" Wakamwinamisha, wakamwinua akawa karibu kusimama, kiwiko cha mbebaji kikagonga kioo kikavunjika.

"Mtu wa safu ya mbele yule," ulisema, "hajawahi kuegemea nguzo ya msikiti maisha yake yote. Nikamtoa nyumbani kwangu kaegemezwa kama mlango uliong'oka bawaba."

Walipolitua mlangoni kupata pumzi, ukachukua doti mpya iliyokuwa begani kwako, ukailaza kando ya jeneza. Watu walidhani unaaga. Uliaga, lakini pia ulipima. Hapo ndipo ulipofunga fundo.

"Usimwambie Zuhura," uliniambia tulipofika barazani. "Ataona posa yake ndiyo iliyomwinamisha baba yake. Kabati ni langu na kiburi ni changu."

Eda ilipokwisha ukamwita fundi akalifungua vipande vipande, ukaliuza kwa yule mzee wa duka la vitambaa. Bado liko pale, limejaa lesi na riboni. Nikipita naliamkia.

Basi hiyo ndiyo siri ya urembo wako, na mimi niliyedhani ni uhaba. Ulipamba kila mahali ambapo mtu aliyelala hatapita. Mambo yote ukayapandisha juu ya kiuno, sakafu ukawaachia watu. Maulidi yakija, viti vinne vinatoka, jamvi linaingia, wanawake ishirini wanakaa na hakuna aliyemkalia mwenzake mguu. Harusi ya binamu, hivyo hivyo. Nimesoma mengi kuhusu kupamba nyumba ndogo, maana magazeti ya kufungia maandazi yana kurasa hizo kuliko za siasa. Wanasema weka kioo, tumia rangi nyepesi, tundika vitu ukutani. Yote ulikuwa umeshayafanya. Hakuna hata mmoja wao aliyetaja jeneza.

Sasa nije kwa Zuhura.

Unamkumbuka kila Idd alivyokuwa akifika kutoka Bunju, huko Dar, kabla hajavua hata viatu: "Mama, sebule gani hii? Mtu akiingia anadhani mmehama!"

"Akikaa atajua hatujahama."

"Nakununulia kochi."

"Ninunulie saa."

Akanunua saa. Idd iliyofuata, "Mama, safari hii nimeamua, kochi." "Safari hii pazia, mwanangu, hili limechoka." Akanunua pazia. Mimi nikiwa jikoni nilikuwa nacheka peke yangu, kwa sababu nilijua mwisho wake. Akija na kochi mdomoni, anaondoka ameahidi sahani.

Siku yako, Mama, ni mimi niliyeanza kuvitoa viti. Bi Tatu akabeba stuli, wanawake wawili wakaviringisha mkeka, na kabla maji ya kukuoshea hayajapata moto, chumba kilikuwa tayari. Kuta zikabaki na mapambo yake, kioo tu tukakifunika kwa kanga. Ulipokuwa tayari wakaja wanaume. Mwanao alishika mbele. Nilisimama upande wa jikoni, nimejishika mdomo, na wote waliona nalia. Nililia. Lakini macho yangu yalikuwa konani. Jeneza likatoka chumbani, likageuka, likanyooka, likapita mlangoni limelala sawasawa kama maji kwenye beseni. Hakuna aliyesema inua. Hakuna aliyesema polepole. Hakuna sahani iliyotikisika. Mama, nisamehe, nilikuwa msibani na nilitamani kupiga makofi.

Arobaini ilipopita, Zuhura akapiga simu kwa mdogo wake. Amenunua kochi. Sasa Mama hayupo wa kukataa, na yeye hawezi kukaa na deni la kitu alichokiahidi miaka yote. Linakuja Jumamosi. Mume wangu akanipa simu kama mtu anayekabidhi mtoto aliyejichafua. "Mtaelewana nyinyi wanawake," akasema, akaenda msikitini mapema kuliko siku zote.

Hapo ndipo niliponasa. Nikikubali, njia yako imefungwa, na safari ijayo atakayeinamishwa ni mwanao au mimi. Nikikataa, mimi mtu wa kuja nimemzuia binti asilete zawadi kwa mama yake. Nikieleza, nimevunja ulichoniusia. Nilikaa na hilo wiki nzima. Hata vitumbua vyangu viliungua, Bi Tatu akavila hivyo hivyo, ndipo nilipojua ameniona niko matatani.

Jumamosi ikaja, na kochi juu ya gari dogo la mizigo, limefungwa nailoni linang'aa. La rangi ya maziwa, lenye kona, lenye mahali pa kuwekea kikombe. Vijana wawili wakalipitisha mlangoni kwa ubavu, wakaliweka, wakapewa soda. Sebule yako ikatoweka, Mama. Likabaki kochi lenye kuta pembeni.

Wifi akakaa. Nailoni ikalia chwi. Akanitazama. "Haya wifi, na wewe keti, usilione hivyo halina meno."

Nikakaa. Magoti yetu yaligusa ukuta wa pili. Tukawa tumeelekeza nyuso kwenye sinia la tausi kama watu wanaotazama televisheni.

"Sema ukweli," akasema, "si pazuri?"

"Ni kochi zuri sana," nikamjibu, na sikudanganya.

Kisha akasema bila kunitazama, "Mimi najua kwa nini alilikataa. Hakunisamehe kabati."

Nikajifanya nanyoosha nailoni.

"Mnadhani sijui? Siku ya Baba nilikuwa nyuma ya pazia la chumbani. Nilisikia wanasema inua, nikasikia kioo. Kabati lililetwa kwa ajili ya posa yangu. Kila nikisema kochi, Mama ananitazama vile, anataja kitu kingine. Nikajua, huyu hataki tena kitu changu kikanyage sakafu yake."

Miaka yote hiyo, Mama. Wewe umemficha asijue, yeye amekuficha kwamba anajua, na katikati mkawa mnabishana kuhusu mapazia.

Sikuvunja neno lako. Nilikuwa sina tena cha kuvunja. Nikamwambia, "Wifi, hebu tazama ukuta. Saa ya nani ile?"

"Yangu."

"Zile sahani?"

"Za Idd ile... zangu."

"Pazia? Fremu ya Al-Kaaba? Kioo?"

"Kioo nilimletea nilipojifungua wa kwanza."

"Na lile sinia?"

Akalitazama muda mrefu. "Sinia lile nilinunua kwa mshahara wangu wa kwanza. Lilikuwa la kuandalia chai. Nilidhani lilishatoboka likatupwa."

"Hakuna aliyewahi kulinywea chai. Aliniambia nikilishusha nitarudi Miono kwa miguu. Mimi nimeishi humu miaka yote na kitu changu ukutani ni msumari mmoja. Kila kochi ulilomwahidi, wifi, liko pale juu. Alilikata vipande akalitundika."

Alicheka, kicheko cha puani, kama chako. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na siku yake? Yeye walimtoaje?"

"Hukuona?"

"Nilikuwa nalia, ningeona nini?"

Nikainuka, nikaenda chumbani, nikarudi na doti. Sikueleza kitu. Nikaweka ncha kwenye mlango wa chumbani, nikaivuta kuelekea nje. Ilipofika konani fundo likapanda juu ya mkono wa kochi, likakaa pale, juu ya mahali pa kuwekea kikombe. Wifi akalitazama lile fundo. Akaligusa.

"Alilifunga lini?"

"Siku ya Baba. Na siku yake alipita amelala sawasawa. Hakuna aliyesema inua, Zuhura. Hata mmoja."

Ndipo akalia hasa, kilio ambacho msibani hakukipata. Alilia juu ya lile kochi, na nailoni ikafaa, maana halikulowa. Ndiyo kazi pekee ambayo kochi lile lilifanya katika nyumba hii, na lilifanya vizuri.

Alipomaliza akajifuta na mtandio, akaenda barazani walipokuwa vijana. "Litoeni."

"Dada, si ndo tumeliingiza sasa hivi? Hata soda hatujamaliza!"

"Malizeni, kisha litoeni. Na mkigonga ukuta wa mama yangu mtanikoma."

Wakalitoa kwa ubavu, wakinung'unika. Mume wangu akarudi kutoka msikitini, akakuta kochi liko juu ya gari na sisi wawili tumekaa mkekani tunamenya machungwa. Akafungua mdomo, akafikiri, akaufunga. Umemlea vizuri.

Kabla hajaondoka, wifi aliniomba tutembee hadi dukani kwa yule mzee wa vitambaa. Akasimama mbele ya kabati lile, akalitazama juu mpaka chini, lesi na riboni zote. Mzee akamuuliza, "Nikupe nini, mama?" Akasema, "Doti." Akachagua ya rangi nyekundu, maana Zuhura ni Zuhura. Mzee akachukua mkasi akitaka kumtenganishia pande mbili, kama anavyofanyia wateja wote.

"Usikate," wifi akasema.

Tuliporudi tuliitandaza sakafuni kando ya yako, mpya na ya zamani, toka ncha hadi fundo. Mimi nilishika mwisho, yeye akafunga. Alikaza kwa meno.

Jana amenipigia kutoka Bunju. Kochi limempa kazi, ameshalihamisha mara tatu na kila mara fundo linapanda juu yake. Anasema mumewe anamwona kama aliyepagawa. Nikamwambia aanze na ukuta. Akauliza, ukutani aweke nini? Nikamwambia anaye binti, angoje.

Huku sebule yako iko wazi. Nimesugua sakafu leo, nimeosha maua, ingawa ni Jumatano. Saa imesimama, wifi ameahidi betri. Nami nimetundika kitu kimoja kwenye ule msumari wangu, kalenda ya mwaka jana, nimekata tarehe.

Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti na akupanulie ulipo, wewe uliyejua kupanua mahali padogo. Ukiniona nimechelewa kuja usinikasirikie. Njia nimeipima, inatosha, ila sina haraka ya kuitumia.

Ni mimi mkamwana wako,
yule wa Miono.